Mpira wa Njia Kavu

Mimi sijawahi kuweza kutulia. Mama yangu mzazi alikuwa akisema nilizaliwa na siafu miguuni, na mume wangu, aliyenioa akilijua hilo, alidhani ndoa ingewatoa hao siafu. Haikuwatoa. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mpokeaji simu katika ofisi moja katikati ya Nairobi. Nilikaa kwenye kiti kuanzia asubuhi mpaka jioni, nikiwaunganisha watu waliokuwa na mahali pa kwenda, na magoti yangu yakicheza chini ya meza kama ya mtoto anayetaka kwenda chooni. Msimamizi wetu aliniuliza mara nyingi kama nilikuwa mgonjwa. Nilimwambia hapana, na magoti yakaendelea.

Kilichoniokoa ni boling. Kulikuwa na ukumbi mjini wenye njia ndefu za mbao zilizopakwa vanishi, na juu ya vanishi mafuta membamba. Unashika mpira mzito wenye matundu matatu, unaingiza kidole gumba na vidole viwili, unapiga hatua zako, unautupa, nao unabingirika hadi mwisho kuziangusha pini kumi za mbao. Ukikosea, mpira unaanguka kwenye mfereji ulio pembeni, nawe unarudi na aibu yako. Ofisi kadhaa za mjini zilikuwa na timu, na Jumamosi alasiri zilishindana. Timu yetu ilikuwa ya wanaume wanne na mimi. Mara ya kwanza niliingia kwa sababu mtu wa tano alikuwa na malaria, na alipopona akakuta kiti chake kimekaliwa.

Mpira wangu niliupata mtaa wa Karen. Meneja wetu wa zamani, Mwingereza, alikuwa akirudi kwao, na mkewe akatuita wafanyakazi tuchague vitu ambavyo havingeingia melini. Wenzangu walichukua masufuria na mapazia. Mimi niliuona mpira mweusi kwenye kona ya veranda, nikaingiza vidole, navyo vikaingia kana kwamba yule mama alikuwa amenipima mimi. Niliubeba mpaka stendi ya basi nikiwa nimeukumbatia. Wenzangu walinicheka njia nzima, nami nikawaacha wacheke, kwa kuwa masufuria yao yalikuwa na matobo.

Jumamosi zile ndizo zilizonifanya nivumilie Jumatatu. Nasema hivyo bila haya. Ningekuwa na watoto labda ningesema vingine, lakini sikuwa nao, ingawa tulikuwa tumeoana miaka kadhaa, na hilo ndilo lililomleta mama mkwe wangu mjini.

Alikuja kutoka magharibi, karibu na Krismasi, na sababu aliyoitoa ni macho. Macho yake hayakuwa na neno. Aliweza kuona chawa kwenye kichwa cha mtoto wa jirani kutoka ng'ambo ya ua. Alikuja kulitazama tumbo langu, na sote watatu tulijua, na hakuna aliyesema.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini katika nyumba ya vyumba viwili karibu na soko la Kenyatta, jembe ningelitoa wapi, na shamba je? Mama mkwe alikuwa mfinyanzi kwao. Maisha yake yote alikuwa amechimba udongo, ameukanyaga, amefinyanga, amechoma. Kwetu hakuwa na la kufanya. Aliosha vyombo ambavyo nilikuwa nimekwisha kuviosha. Alifagia ua mpaka majirani wakaanza kuona aibu. Alikwenda sokoni asubuhi akarudi na nyanya moja, akaenda mchana akarudi na kitunguu, akaenda jioni akarudi na habari kwamba nyama choma ya pale inanuka moshi. Ilinikera kweli. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na wanawake wawili wasioweza kukaa chini, na kila mmoja alimwona mwenzake kuwa ndiye anayemsumbua.

Kisha akauona mpira. Nilikuwa nikiuvuta kutoka chini ya kitanda Jumamosi moja, na yeye alikuwa mlangoni.

"Hii ni nini?"

Nilimweleza. Akainama, akauinua kidogo, akautua.

"Na hii unainua kila wiki?"

"Kila wiki, Mama."

Hakunitazama usoni. Alitazama chini ya kifua changu, pale alipokuwa akitazama tangu aliposhuka kwenye basi, kisha akaenda sokoni.

Jioni ile mume wangu alikunja gazeti. Nilijua kuna jambo, kwa maana gazeti lile hakulikunja hata nyumba ya jirani ilipowaka moto.

"Mama anasema uzito ule si mzuri kwa mwanamke anayetafuta mtoto," alisema.

Niliwaka. Nilimuuliza kama mama yake hakubeba mitungi ya maji, kuni na vyungu wakati anamtafuta yeye. Alikuwa mtu mwema, hapendi kelele, na watu wasiopenda kelele hukimbilia mapatano. Akasema hatanikataza. Ila timu ikiniacha, basi, sitatafuta nyingine. Jumamosi nitakaa nyumbani kama wake za watu wengine. Nikakubali, kwa hasira na kwa kiburi, kwa sababu timu ingeniachaje?

Nilikuwa sijahesabu jua. Januari ile ilikuwa ya joto, na mafuta ya kupaka njia, ambayo ukumbi uliyaagiza kutoka ng'ambo, yakachelewa. Mhudumu wa ukumbi, mzee mfupi aliyezipenda njia zile kuliko alivyotupenda sisi, akawa anayatumia kwa kubana yale machache yaliyobaki, leo tone hapa, kesho tone pale. Njia zikakauka. Asiyecheza hawezi kujua maana yake. Njia ikiwa na mafuta, mpira huteleza kwanza, halafu karibu na mwisho ndipo unapokamata mbao na kupinda kuelekea kwenye pini. Njia ikikauka, mpira unakamata mapema mno, unapinda kabla ya wakati wake na kukata kwenda upande wa pili.

Wangu ulikuwa mbaya kuliko yote. Wakati wa mafuta mengi nilikuwa nimeukwaruza kwa msasa ili upate kukamata. Sasa uso wake mkavu ulikutana na mbao kavu, na mambo yakawa kama matairi mapya kwenye lami. Kila nilipoutupa ulikimbilia kushoto kana kwamba umeitwa. Nilihama nikasimama kulia zaidi, nikatupa kwa nguvu zaidi, nikatukana kimoyomoyo zaidi. Nahodha wetu, karani mkuu aliyevaa tai hata akicheza, alitazama mambo hayo majuma mawili, kisha akaja mezani kwangu na simu zinalia.

"Madam, usikasirike. Kuna huyu kijana mpya wa uhasibu. Jumamosi mtacheza wote wawili. Mwenye atapata pointi mingi, yeye ndio anabaki kwa timu."

Nikasema sawa. Kisha nikamuunganisha mkurugenzi na mtu ambaye hakuwa amemtaka.

Dawa niliijua, angalau kwa akili. Kama uso uliokwaruzwa hukamata, uso laini utateleza. Ilinibidi niurudishe mpira ule kwenye ulaini wake, na zaidi ya hapo, mpaka uweze kuvuka ukavu bila kushikwa njiani. Nyuma ya soko la Kenyatta palikuwa na mpiga rangi wa magari. Alikuwa amelala kwenye kivuli chembamba cha bati.

"Sasa, mama. Gari iko wapi?"

"Sina gari. Nina mpira."

Akaketi. Nikautoa kwenye kikapu. Aliupapasa, akauzungusha, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hii nimeona ya kwanza. Hii unataka msasa ya maji, ile laini, halafu ile laini kabisa. Na polishi kidogo. Lakini usifinye, mama. Watu wanafinya, wanaharibu."

Alinipa vipande vya msasa na polishi kwenye kifuniko cha kopo.

Ijumaa, nilipotoka kazini, niliketi uani na karai la maji, mpira mapajani. Nilianza na msasa wa kwanza. Nilisugua, nikasuuza, nikapitisha shavu langu juu yake, nikasugua tena. Ndipo nilipogundua ubaya wa mikono yangu. Haikujua kupita sawasawa. Ilipenda mahali pamoja, ikapachimba kwa hasira, ikarukia pengine. Upande mmoja ulianza kung'aa na mwingine ukabaki kama goti la mtoto. Nikaona Jumamosi zangu zote zikinitoka, nikiwa nimekaa kwenye kochi, mume na gazeti lake, mama mkwe na nyanya yake moja. Machozi yakanilengalenga, nikayafuta kwa mkono wenye tope jeusi la msasa.

Mama mkwe alikuwa amesimama na ufagio. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Wewe unasugua kama unamwadhibu mtu," alisema.

"Njia zimekauka, Mama," nikajibu, kwa ukali kuliko nilivyokusudia. "Zimekauka, na mpira unashikwa. Kesho nikishindwa wataniacha."

Alijua maana ya kuniacha. Mapatano yalifanywa yeye akiwa nyuma ya pazia. Angeweza kurudi ndani akaacha mikono yangu imfanyie kazi. Badala yake aliweka ufagio, akavuta kigoda, akakunja mikono ya gauni.

"Lete."

Nikampa. Aliuweka mapajani kama anavyoweka chungu kibichi, akauzungusha taratibu kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukapita na msasa kwa miduara midogo, bila kukimbia, bila kurudia. Nilikuwa sijawahi kuiona mikono ile ikiwa na kazi. Hata uso wake ulibadilika. Mabega yaliyokuwa juu tangu Krismasi yalishuka. Alifanya na msasa wa pili, kisha nikampa kipande cha blanketi kuukuu na polishi, na wakati huo wote nilikuwa nikisimama, nikiketi, nikienda kuangalia sufuria isiyokuwa na kitu.

Alizungumza bila kuinua kichwa. Alisema zamani vyungu vyake alikuwa akivipeleka mwenyewe sokoni, masoko ya mbali, kuvuka mito, wanawake watano au sita pamoja wakicheka njia nzima. Kisha baba ya mume wangu akasema imetosha, mke hatembei hivyo, vyungu vitapelekwa na watu wengine.

"Ukafanya nini, Mama?"

"Nikakaa." Akageuza mpira. "Nilifinyanga hata hivyo. Vikajaa nyumba mpaka kuku wakataga ndani."

Alicheka. Mimi sikuweza. Nilitaka kumuuliza mengi, lakini mume wangu aliingia, na habari ya masoko ikaisha palepale. Mpira ulikuwa unang'aa. Nilipitisha kidole juu yake, kikateleza kana kwamba hakukuwa na kitu. Nikaufunga kwenye kitambaa, nikauweka chini ya kitanda, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikala nikashiba.

Jumamosi mama mkwe alivaa gauni lake la kanisani na kilemba cheupe.

"Na mimi nitaenda nione," alisema. Mume wangu alifurahi. Alifikiri anatuma shahidi.

Ukumbini nilimkalisha kwenye benchi la nyuma, mkoba mapajani, mgongo wima kana kwamba anasubiri mahubiri. Kijana wa uhasibu alitupa wa kwanza, akafanya vizuri. Zamu yangu ikafika. Nilifungua kitambaa, nikachukua mpira, nikapiga hatua zangu. Na pale nilipoupeleka mkono nyuma, kidole gumba kikachomoka. Mpira ulidondoka kwa kishindo, ukabingirika hatua chache, ukaingia mfereji.

Nilidhani ni wasiwasi. Uliporudi nikaushika vizuri. Kikachomoka tena. Nikaleta mkono puani nifute jasho, ndipo nikaisikia harufu. Samli. Ile samli ya kwao, iliyokuja kwenye chupa yenye kizibo cha gunzi, ambayo mume wangu hupewa kijiko kimoja kwenye ugali.

Niligeuka. Mama mkwe alikuwa akinitazama, akitabasamu. Tangu afike kwetu sikuwa nimeona meno yake yote. Alinipungia mkono kidogo, kuniambia nitupe.

Nilikasirika kiasi cha kutaka kuupiga ule mpira chini upasuke. Alikuwa ameamka mapema kunishinda, akaupaka. Nje ulifutika kwa kitambaa, hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa matundu. Alikuwa amepaka ndani, mpaka chini kabisa, kwa ukarimu, na kila nilipofuta, joto la mkono wangu liliyeyusha nyingine iliyoganda kule ambako kitambaa hakikufika.

"Nani amekaanga chapati hapa?" mmoja wa timu ya wapinzani aliuliza, na benchi lao lote likaangua kicheko.

Mzee wa ukumbi alikuja na kitambaa chake, akapiga magoti penye doa. "Mama, hii mpira umepaka nini? Hii njia si ya kupika, bwana!"

Niliomba radhi. Nikatia chaki ya ubao wa alama kwenye matundu. Chaki na samli zikawa uji. Lakini mara chache, kidole kilipokubali kubaki hadi wakati wake, niliona kazi ya jana. Mpira ulitoka mkononi, ukateleza juu ya mbao zile kavu kama hazikuwa kavu, moja kwa moja, ukapita pale ulipokuwa ukishikwa kila siku, ukapita tena, halafu karibu na mwisho ukapinda polepole na kuingia katikati ya pini. Zilianguka zote. Nilipiga kelele peke yangu. Uso ulikuwa sahihi, njia kavu ilikuwa imepata mpira wake. Mara iliyofuata kidole kikachomoka.

Nahodha alijumlisha, akalegeza tai. "Madam, pumzika kidogo. Labda msimu ujao."

Nilifunga mpira kwenye kitambaa. Mama mkwe alikuwa amesimama. Hakuwa anatabasamu tena. Lugha ya mchezo hakuijua, lakini kicheko cha watu alikijua, na alikuwa amemwona mzee yule akifuta.

Stendi ya basi kulikuwa na foleni. Tulisimama kidogo, yeye akabadilisha mguu, mimi nikabadilisha mguu, kisha bila kushauriana tukaanza kwenda kwa miguu. Tulikuwa tumekwisha kupanda kilima, jengo la mwisho la mjini likiwa nyuma yetu, alipouliza.

"Ni yale mafuta?"

"Njia zilikuwa mbaya tu, Mama."

"Usinidanganye. Mimi si mtoto."

Nikauhamishia mpira mkono wa pili, na hilo lilikuwa jibu. Alitembea, akaongeza mwendo, nikaongeza na mimi.

"Ulisema zimekauka," alisema. "Chungu kipya hakitoki nyumbani kikavu. Unakipaka samli ndani, kisipasuke huko kinakokwenda. Hata mama yangu alifanya hivyo. Nilipaka ndani vizuri."

"Ulipaka vizuri sana, Mama."

Hakujua kama nilikuwa namcheka. Hata mimi sikujua. Hasira yangu ilikuwa bado moto, na papo hapo nilimwona alfajiri ile peke yake jikoni, akiingiza kidole kimoja kimoja kwenye tundu, akiubariki mpira ambao alitaka niuache. Sikuwa na mahali pa kuiweka hiyo hasira.

Mume wangu alikuwa kwenye kochi. Alitutazama mmoja mmoja.

"Je?"

Mama mkwe alivua kilemba, akakikunja, akakiweka juu ya mkoba.

"Wamemwacha," alisema.

Mume wangu alijitahidi asionyeshe nafuu yake. "Pole," akaniambia. "Basi, ndivyo tulivyokubaliana."

"Mlikubaliana na mimi sikuwapo," alisema mama yake, ambaye siku ile alikuwa nyuma ya pazia. "Wamemwacha kwa sababu yangu. Mpira wake niliupaka samli, ukamtoka mkononi. Jumamosi tunakwenda tena."

"Kwenda wapi, Mama, na hana timu?"

"Kutupa. Watu wanatupa hata bila timu, nimewaona kwa macho yangu, na haya macho hayana ugonjwa."

Gazeti likaanguka. "Lakini ni wewe uliyesema, Mama. Uzito."

Alimtazama mwanawe. Kisha akanitazama mimi, safari hii usoni.

"Uzito nitabeba mimi," alisema.

Na aliubeba. Jumamosi iliyofuata alisokota khanga akafanya ngata, akauweka mpira kwenye kikapu, kikapu kichwani, akashuka nao mpaka mjini. Mbele ya benki watu waliokuwa wamevaa suti walisimama kumpisha. Hakukishika kikapu kwa mkono hata mara moja. Alikwenda haraka kama mtu aliyeachwa na wenzake wa sokoni, na mimi nilikuwa nyuma yake, mikono mitupu, nikikimbia kidogo nisiachwe.